Kilima Kisichoonyeshwa kwa Kidole

Siku ile nilipanda pikipiki pale Kasongo nikiwa na mimba ya miezi sita, na tangu tulipotoka mujini nilikuwa ninamutukana dereva kimoyomoyo. Kila shimo aliliingia kwa furaha, utafikiri amelipiwa mashimo. Nilishika tumbo kwa mikono yote miwili, basi sikubakiwa na mukono wa kumushika yeye, na yeye anapiga kelele, "Mama, nishike, utaanguka!" Nikamwambia, "Wee endesha tu. Ukiniangusha nitakufuata mpaka kwenye ndoto zako." Alicheka sana. Mimi sikucheka. Ninaogopa vitu vingi, ninaogopa radi, ninaogopa mbwa, ninaogopa madaraja ya miti, lakini woga wa siku ile haukuwa wa barabara.

Nilikuwa ninakwenda kijijini kwa mama yangu, upande wa Kabambare, kutafsiri maneno ya watu waliokuja kuchunguza kilima chetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya musingi. Kifaransa ninacho, Kiswahili ninacho, na Kibangubangu nilinyonya pamoja na maziwa. Kulikuwa na proje, mradi wa kusimamisha mashine za upepo kule juu, zile zenye mapanga matatu marefu yanayozunguka, ili zitoe umeme. Kabla ya kuruhusiwa, lazima watu waje waulize: ndege watakufa? Kelele itafika wapi? Nani analima pale, nani anachunga, nani anaogopa nini? Kiongozi wao alikuwa mwanamuke kutoka Kinshasa, sisi tulimuita Madamu tu, na alifuatana na muzee mumoja ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu ndege na popo. Walitaka mukalimani mwanamuke, ili wamama nao wafungue vinywa. Wakanipata mimi.

Mume wangu anauza nguo Salamabila, kwa wachimba dhahabu. Alinipigia simu, akasema, "Nenda, lakini usibebe kitu kizito." Kitu kizito nilikuwa nimekwisha kukibeba.

Niseme wazi kilichonitisha. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo nilizaa mutoto wa kiume nyumbani kwa mama yangu. Alikaa nasi siku chache. Kitovu kilikuwa hakijaanguka, jina hajapewa, akatuacha. Kwetu, mutoto wa namna hiyo hazikwi makaburini karibu na kanisa. Hapigiwi kengele, haliliwi kwa sauti. Wamama waliokwisha kukoma kuzaa wanamufunga katika kitambaa, wanatoka naye jua halijachomoza, wanamupeleka mahali wanapopajua wao wenyewe. Wanaume hawaulizi. Na yule aliyemuzaa haonyeshwi mahali hapo, hata kwa kidole, mpaka naye akome kuzaa. Wanasema ukipajua, macho yako yanafungua njia, na atakayekuja tumboni anamufuata mukubwa wake.

Nimesoma, ndiyo. Ninafundisha watoto sayansi, ninachora moyo na mapafu ubaoni kwa chaki za rangi. Sasa je, ninaamini mambo hayo? Ukiniuliza mbele ya walimu wenzangu nitakujibu hapana, na nitacheka kidogo. Nikiwa na mimba, usiniulize.

Lakini kuna jambo mutu analijua bila kuonyeshwa. Asubuhi ile mama yangu aliporudi, aliosha miguu nyuma ya jiko, na maji yakatiririka meupe kwa ule udongo wa changarawe. Udongo ule kwetu uko mahali pamoja tu, juu ya kilima. Nilikuwa nimelala nikitazama nje kupitia mulango, nikaona maji, nikajua. Tangu siku hiyo, kila nikifika kijijini ninakaa nimekipa kilima mugongo. Hata kwenye kula. Mama yangu hakuniuliza kwa nini.

Mukutano ulifanyika darasani, katika shule ya kijiji, kwa sababu kanisani kwaya ilikuwa na mazoezi na kwaya yetu haimuachii mutu nafasi. Tulijaa mpaka madirishani. Chefu wa kijiji ndiye aliyeanza. Alisimama, akakohoa vizuri, akauliza, "Haya mapanga, yatakata mvua? Mawingu inapitaka pale pale juu."

Madamu akajibu kwamba hapana, mawingu yanapita juu sana, mashine haiwezi kuyagusa. Watu wakaitika "mmh," ile mmh ya kusema tumesikia, hatujakubali.

Yule muzee wa ndege akasimama naye. Alisema ukweli: ndege wakubwa wanagongwa na mapanga, na popo wanakufa hata bila kuguswa, kwa sababu hewa iliyo karibu na panga inabadilika ghafla na kuwapasua mapafu. Nikatafsiri. Mama mumoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Basi tutakuwa tunaokota nyama bure kila asubuhi!" Darasa zima likacheka, na muzee, nilipomutafsiria, akacheka pia. Halafu akasema, popo ndio wanaokula wadudu wa mashamba yenu. Mukiokota wengi mwaka huu, mwaka kesho mutaokota mihogo iliyoliwa. Kicheko kikapungua.

Wakauliza juu ya kivuli. Jua likiwa chini, mapanga yanapitisha kivuli juu ya nyumba, kinakuja kinakwenda, kinakuja kinakwenda, mutu anaweza kuumwa kichwa. Wakauliza nani atazima moto mashine ikiwaka wakati wa nyasi kavu. Kisha baba mumoja mwenye shamba upande wa Lusangi akasimama, na huyo hakuwa anacheka.

"Munasema mutatengeneza barabara mpaka kule juu," alisema. "Ni vizuri. Barabara inaleta dawa. Inaleta pia watu wa bunduki. Sisi wakikuja, tunakimbiliaka wapi? Kule kule juu, ndani ya nyasi. Sasa mukisimamisha mataa mekundu juu ya mashine, ya kuonekana mbali, na barabara mpaka mulangoni, munataka tujifiche wapi?"

Hapo hakuna aliyesema mmh. Nilitafsiri. Madamu akasema kwamba swali hilo hana jibu lake, na hatajifanya analo. Nilimupenda kwa hilo, na hofu yangu ikaongezeka, maana nilikuwa nimetumaini kwamba mutu mumoja angalau ana majibu yote.

Bibi mumoja akanyoosha mukono. Aliuliza swali huku akiliangalia tumbo langu, si Madamu. "Ule mulio wa masini, usiku na muchana, hautaharibu mimba?"

Jamani! Kutafsiri swali kuhusu tumbo lako mwenyewe, watu wote wamekukodolea macho, si mchezo. Madamu akajibu kwamba anayekaa karibu sana anaweza kukosa usingizi, ndiyo maana wanapima umbali wa nyumba, lakini kuharibu mimba, hapana. Nikayasema maneno yake neno kwa neno. Mutoto akajigeuza tumboni. Niliweka mukono pale, nikauondoa haraka, nisionekane.

Halafu likaja lile swali. Madamu aliuliza kama kule juu kuna makaburi, ao mahali popote pasipotakiwa kuguswa.

Nilitafsiri. Chefu hakufikiri hata kidogo. "Hapana. Makaburi yetu iko huku chini, kwa kanisa. Kule iko nyasi na upepo, basi." Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Hakudanganya, masikini. Ni mwanaume, hakuna aliyewahi kumwambia. Niligeuza macho upande wa wamama. Kila mumoja alikuwa anayatazama mapaja yake. Mama yangu alikuwa anavuta uzi kwenye kitenge chake, na kitenge kile kilikuwa kipya, hakina uzi wa kuvuta. Midomo yangu ikasema kwa Kifaransa kwamba hakuna makaburi.

Alasiri wageni walipanda kilima kupigilia vigingi vya alama. Nilisema tumbo ni zito, siwezi kupanda, nikabaki chini kwenye mukeka, mugongo wangu kwa kilima kama kawaida. Lakini masikio hayana mugongo. Nyundo ilisikika ko, ko, ko, halafu kimya, wanasogea, halafu tena ko, ko, ko. Kila pigo tumbo lilikaza. Nilianza kusali, nikajikuta nimesahau katikati ya Baba Yetu, mimi ninayewafundisha watoto kuisali.

Madamu alirudi na vumbi jeupe kwenye viatu, amefurahi. Asubuhi, alisema, mashine ya kutoboa itapandishwa, itoboe chini sana kwenye kila kigingi kuangalia kama mwamba unaweza kubeba mashine za upepo. Nilimuuliza ni wapi hasa. Alitaka kunyoosha mukono kunionyesha. "Hapana, hapana," nikasema, "nimeelewa." Aliniangalia kwa mushangao, mama wa watu.

Nilimukuta mama yangu jikoni anatwanga sombe, yale majani ya mihogo. Sikusalimu.

"Mama, kesho wanatoboa."

"Nimesikia."

"Watatoboa pale kwenye changarawe."

"Sasa unaniambia mimi? Wewe njo unayejua Kifaransa yao."

"Mama, sema ndiyo ao hapana tu. Vigingi viko mbali naye? Usinionyeshe. Sema tu."

Muchi ukasimama hewani. "Funga kinywa! Mimba iko na masikio."

"Na yule mwingine, yeye hana? Watamupitishia chuma, mama! Mutoto wangu, watamupitishia chuma!" Nikalia. Nililia kwa sauti kubwa, kile nilichokatazwa miaka mitatu, mpaka kuku wakatoka jikoni.

Mama hakunibembeleza. Alikuja karibu na uso wangu. "Yule amekwisha kwenda," akasema polepole. "Huyu angali njiani anakuja. Mimi ninamuchunga anayekuja. Unataka nipoteze wawili?"

Akachukua kitenge, akajifunga kiunoni kwa nguvu, akatoka. Sombe ikabaki kwenye kinu. Nilimukasirikia, ee Mungu, nilimukasirikia! Niliuambia ukuta wa jiko maneno ambayo mutoto hamwambii mama yake. Halafu nikamaliza kutwanga mimi, kwa sababu hasira haipiki.

Asubuhi vijana wa kazi walipandisha mashine ya kutoboa vipande vipande mabegani, na walihitaji mutu wa kuwatafsiria maneno ya fundi wa kutoboa. Sikuweza kubaki chini tena. Nilijifunika kitenge kichwani, nikakivuta pande zote mbili za uso, nikapanda nikitazama visigino vya Madamu na hakuna kingine. Nilijiambia: visigino, visigino. Mutoto hakucheza njia nzima. Nilimugonga kwa kidole, amka, bwana, amka, hakujibu.

Juu, upepo ule wa kwetu ulikuwa unavuma kama ambavyo unavuma sikuzote, mpaka neno likitoka kinywani linachukuliwa. Walifunga vyuma. Fundi alivuta kamba mara ya kwanza, mashine ikakohoa.

"Tungoje kidogo," nikamwambia Madamu.

"Kwa sababu gani?"

Nilifungua kinywa. Nikisema, basi nimekiri kwa mudomo wangu kwamba ninapajua. Nikinyamaza, chuma kinashuka. Fundi akavuta kamba tena na mashine ikawaka, ikanguruma, na nikasikia sauti inapiga kelele "Hapana! Hapana!" na ilikuwa sauti yangu. Madamu akamwonyesha fundi ishara, mashine ikazimwa, wote wananiangalia kama mwenye kichaa.

Hapo ndipo nikasikia miguu. Miguu mingi juu ya changarawe, bila wimbo, bila maneno. Halafu sauti ya mama yangu: "Wewe! Geuka! Angalia barabara!"

Niligeuka pale pale. Mbele yangu kulikuwa na bonde, na barabara ya Kabambare nyembamba kule chini. Niliikodolea macho barabara ile. Kumbe jioni, niliponuna jikoni, mama alikuwa anapita nyumba kwa nyumba.

"Wanafanya nini?" Madamu akaniuliza kwa Kifaransa.

"Wewe ndiye unayewaona," nikamujibu. "Niambie wewe."

Akaniambia. Alisema ni wamama wazee, na wengine si wazee sana. Wanaachana, kila mumoja anakwenda upande wake, anasimama mahali, anaweka miguu pamoja. Hawasemi kitu. Mumoja amesimama hapa, sasa anasogea, anasimama tena mahali pengine. Mumoja amekaa chini. Wengine wako karibu kabisa na vigingi. "Ni wengi," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Kilima kimejaa." Kisha, kabla sijamuzuia: "Mama yako yuko kwenye kigingi cha katikati, mbele ya mashine. Anavua viatu."

"Usiniambie!" nikapiga kelele. Lakini alikuwa amekwisha kuniambia. Hakujua, hakuna aliyemuonya, na mimi mwenyewe ndiye niliyemuomba aseme. Nilikuwa nimepajua. Njia imefunguliwa. Nililishika tumbo, na ndani kimya, na nikalia kama mutoto: "Mama! Amenionyesha! Mama, nimepajua!"

Upepo ulichukua sauti yangu, nikafikiri hakusikia. Halafu alijibu, si kwa ukali. Alisema kwa Kibangubangu, kila mutu asikie.

"Sawa. Sasa sikiliza vizuri. Hapa niliposimama ni wako. Nyuma yangu hapa, karibu karibu, ni wangu. Musichana. Alikuja mbele yako. Njo yaya yako, mukubwa wako."

Mimi nimeitwa kifungua mimba maisha yangu yote. Nimepewa kichwa cha kuku kwa sababu ya kuwa kifungua mimba.

"Ilikuwa mwaka wa kukimbia bunduki," mama akaendelea. "Wamama wazee walikuwa wametawanyika musituni. Hakukuwa na mutu wa kunifichia mahali. Nilimuleta mwenyewe, kwa hii mikono. Halafu nikabeba mimba yako, na shamba langu lilikuwa ngʼambo ya kilima. Nilipita hapa kwenda, nilipita hapa kurudi. Nilimuona kila siku, wewe ukiwa tumboni. Niliogopa mpaka ukazaliwa. Niliogopa mpaka ukatambaa. Hata jana jikoni, niliogopa, njo maana nilikufokea. Lakini uko hapa. Na tumbo yako, na Kifaransa yako. Basi tafsiri. Mwambie huyo mama tuko tumesimama juu ya nini. Halafu geuka."

Nilitafsiri nikiwa bado nimewapa mugongo, maana maneno niliyaweza, miguu ndiyo iliyokataa. Niliyasema yote, ya wamama, ya wanaume wasiouliza, ya kitambaa, ya yaya yangu. Nilisikia Madamu anamwambia fundi, polepole sana, afungue vyuma na avishushe chini, na vigingi avingʼoe vyote.

Kisha nikageuka. Mutoto alikuwa bado hajacheza. Nilishusha macho chini, nikaona kwanza miguu ya mama yangu, mitupu, vidole vimejaa vumbi jeupe. Hapakuwa na jiwe wala alama. Zilikuwa nyasi tu, kama nyasi zote za kule juu. Mama akasogea pembeni, akanifanyia nafasi.